Breki za Dama

Mafundi wa Majengo walikuwa na msemo wao. Mtu akiahidi jambo kisha akalivunja, wenzake humwambia, "Ah, wewe ni breki za Dama!" Wakacheka, wakarudi chini ya magari yao. Wengi hata hawakujua huyo Dama ni nani. Walidhani ni jina la kutaniana tu. Kumbe Dama alikuwa mtu hai, mwenye duka la spea pale Makadara, kati ya mama muuza viazi karai na fundi cherahani, na kila aliposikia msemo ule alihisi kama amepitishiwa wembe tumboni.

Alikuwa mwanamke wa Kigiriama, mrefu, wa makamo, mwenye mikono mipana na sauti ya chini. Kazi ya breki alifundishwa na mjomba wake tangu angali kigori, na hapo zamani hapakuwa na dereva wa mashindano ya magari kisiwani Mombasa aliyenunua padi za breki, vile vipande vinavyobana diski ya gurudumu, pasipo kupita kwake kwanza. Mashindano yenyewe yalifanyika ng'ambo ya kisiwa, kwenye uwanja wa ndege wa zamani ndani ya shamba la mkonge lililoachwa, ambako wapenzi wa magari walikodi lami ile siku za Jumapili wakapanga matairi yawe kuta za kona.

Mtu aliyeingia dukani kwa kishindo akasema, "Nipe kali kuliko zote," Dama alimrudisha nje. Alitaka kwanza aelezwe gari lina uzito gani, limevaa tairi gani, mahali palipo nyoofu pana urefu gani kabla ya kona. Alikuwa na maneno yake ya kuwaelezea wageni wa mchezo.

"Padi ya mjini hushika ikiwa baridi," aliwaambia. "Ndiyo maana yakufaa asubuhi ukitoka nyumbani. Lakini ipigishe mbio, ikanyage mara kumi mfululizo, ichemke, uone. Itateleza kama sabuni. Padi ya mashindano ni mtu mwengine. Asubuhi haikujui. Hupiga kelele, hula diski, humwaga vumbi. Ikishapata moto wake ndipo hung'ata kama mamba. Sasa baina ya hizo mbili kuna nyingi, na kila gari lina yake. Ukichukua iliyo kali mno kwa gari jepesi, kona ya kwanza itakukuta padi haijaamka."

Na kila padi iliyotoka dukani kwake ilikuwa na herufi D mgongoni, juu ya bati, iliyogongwa kwa patasi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sahihi yake.

Aliyemharibia jina aliitwa Masha. Masha alikuwa dereva hodari, kipenzi cha watazamaji, mwenye Starlet nyeupe iliyokuwa ikiruka kama panzi. Kando yake, kiti cha abiria, alikaa Kahindi, mdogo wake Dama wa tumbo moja, akimtajia kila kona kabla hawajaifikia. Wiki moja Dama alimchagulia Masha padi, na Kahindi mwenyewe ndiye aliyezigonga herufi, kwa kuwa dada yake alikuwa na mteja. D zake zilitoka zimelala upande, Dama akamcheka.

Jumapili ile gari lilikuja mbio kwenye sehemu ile nyoofu, likafika penye kona, lisisimame. Lilipasua ukuta wa matairi, likajipigiza kwenye shina la mkorosho, upande wa abiria. Masha alitoka na mikwaruzo. Kahindi alikatwa mguu chini ya goti.

Kabla vumbi halijatua, Masha alikuwa ameshapata maneno. "Padi za Dama zimesagika zikawa unga!" Aliyasema uwanjani, akayasema hospitalini, akayasema katika kila gereji. Dama alikimbilia kwenye gari lile bovu akakuta magurudumu ya mbele yameshaondolewa, na kila kitu ndani yake. Kilichobaki ni vumbi la breki lililorukia kwenye bati la tope. Lilikuwa jeusi. Vumbi la padi zake yeye lilikuwa na chuma, likilala usiku mmoja na umande huota kutu nyekundu. Alirudi kesho yake akalitazama tena; jeusi vile vile. Akajua kwamba padi zilizokuwa kwenye gari lile hazikuwa zake. Alisema. Nani angemsikiliza? Vumbi si ushahidi.

Lililomchoma zaidi lilikuwa la Kahindi. Masha alimpelekea supu wodini kila siku, akamtafutia magongo, akamliwaza. Dada yake alipokuja, Kahindi aligeuza uso ukutani. Hakumtukana. Alikaa vile tu, mpaka Dama akaondoka na chakula chake mkononi. Ikapita miaka hivyo. Kahindi alipata kazi ya kukata tikiti za mabasi ya bara pale Mwembe Tayari, na Dama akitaka kwenda sokoni alizunguka njia nyingine asipite mbele yake.

Wazee husema mwenye kovu usidhani amepoa. Dama hakupoa. Wateja wa mashindano walimhama, akabaki na wenye teksi na tuktuk, akawauzia, akawashukuru; na huku nyuma ya macho yake alikuwa akimwona Masha akianguka, kila siku kwa namna mpya.

Asubuhi moja mwanamke kijana aliyevaa vizuri alisimama mlangoni, uso unamvuja jasho.

"Hodi, dada. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu ndani, jua kali."

"Nimezunguka Mwembe Tayari yote, miguu yaniuma. Natafuta padi kama hii. Kila duka hawana. Kuna mzee kaniambia, kama wewe huna basi Mombasa nzima haipo."

Alifungua kitambaa, akaweka mezani padi iliyolika ikawa nyembamba kama karatasi. Dama aliigeuza kwa mazoea tu. Mgongoni palikuwa na herufi D, imelala upande.

Dama aliivuta kalenda ukutani akajifanya anatazama tarehe, ili yule mgeni asimwone uso.

"Ya gari gani hii?" akauliza hatimaye.

"Starlet ya mume wangu. Amelijenga upya, anarudi mashindanoni Jumapili hii. Asema hizi ndizo padi pekee zilizowahi kumsimamisha sawasawa. Alikuwa nazo tangu zamani, amezifanyia mazoezi mpaka zimekwisha."

"Mumeo nani?"

"Masha. Mimi naitwa Caroline. Tumeoana juzijuzi tu, haya mambo ya magari mimi siyajui." Akacheka kidogo. "Tena aliniambia nitafute kote ila Makadara nisikanyage. Sijui aligombana na nani huku. Usije ukanisemea."

"Sina wa kumsemea," Dama alisema. "Padi ninazo. Lakini hizi lazima zilingane na gari lake lilivyo sasa. Mwambie zitaletwa Jumamosi kwenye ukaguzi wa magari, pale kwa mzee Abdulbasit, Majengo. Duka usimtajie, yasije yakakupata maneno. Na hii niachie iwe mfano."

Caroline alishukuru sana, akaenda zake. Dama aliteremsha mlango wa duka nusu, akakaa juu ya kasha la mafuta ya breki na ile padi kifuani. Padi iliyosagika unga! Ilikuwa nzima. Ilikuwa imefanya kazi yake mpaka ikaisha kwa uaminifu, mikononi mwa mtu aliyeiapia kwamba ilimtupa.

Mchana huo hakuzunguka njia. Alikwenda moja kwa moja hadi kibandani kwa Kahindi, akapitisha mkono kwenye kidirisha, akamwekea padi juu ya kitabu cha tikiti.

Kahindi alimtazama, kisha akaitazama ile padi. Aliipindua. Kidole gumba chake kikapita juu ya herufi, mara moja, mara ya pili.

"Huu mkono wangu," alisema.

"Ni wako."

"Umeitoa wapi?"

"Mkewe kaniletea. Masha ataka nyingine kama hizi. Asema ndizo pekee zinazosimamisha."

Abiria mmoja alitaka tikiti ya Voi. Kahindi alimkatia, akamrudishia chenji, akamwonyesha basi. Alipogeuka tena aliishika ile padi kwa mikono miwili.

"Asubuhi ile tukienda nilimuuliza, mbona leo breki hazilii? Nilizizoea kelele zake tangu mazoezi. Akaniambia amezipaka grisi kwa nyuma." Akakisukuma kando kitabu cha tikiti. "Dada, nilijua. Nilisikia kwa masikio yangu, nikanyamaza, kwa sababu ya supu."

Dama angeweza kumfariji. Hakumfariji. Bado alikuwa akiuona ule uso uliogeuzwa ukutani.

"Jumamosi atakuwa kwa Abdulbasit," akasema.

"Wataka kumfanya nini?"

"Bado sijajua."

"Ukijua usiniambie," Kahindi alisema. "Nitakuja nijionee."

Dama alikuwa amesema uongo mdogo. Alikuwa amejua tangu Caroline alipokuwa bado mlangoni. Kwenye rafu ya juu dukani palikuwa na padi za mjini, za Starlet hiyo hiyo, umbo moja, tundu moja, bei chee, nzuri kwa kwenda sokoni na kurudi. Ukizipaka rangi ile nyekundu ya padi za mashindano, hata fundi mzuri angehitaji kuzikwaruza ndipo atambue. Ijumaa mchana, watu wakiwa msikitini na barabara imetulia, Dama alizishusha. Akazipaka rangi, akaziacha zikakauka juu ya gazeti. Akajiona anajua vizuri mambo yatakavyokwenda: duru mbili za mwanzo zitashika, Masha atazidisha mbio, duru ya tatu zitachemka, na mwisho wa sehemu nyoofu atakanyaga pedali ngumu kama jiwe, gari lisimsikie. Alitabasamu. Ilikuwa miaka tangu atabasamu hivyo akiwa peke yake.

Lilibaki jambo moja. Aliweka padi ya kwanza juu ya fuawe, akashika patasi, akainua nyundo ili agonge herufi yake.

Mkono ukakataa kushuka.

Huruma haikuwamo. Angetaka iwemo angalau chembe, baadaye alijiambia hivyo, lakini haikuwamo. Alichokiona ni ile D. Gari likimshinda Masha kwa padi yenye D, basi ule uongo wa miaka yote utakuwa kweli, na kweli hiyo ataigonga yeye mwenyewe kwa mkono wake. Watu watasema, hatukuwaambia? Breki za Dama. Na Masha, akiwa hai au amekufa, atakuwa ameshinda.

Aliweka nyundo chini. Alizitupa zile padi kwenye debe la vyuma chakavu, na hasira ikiwa bado inamchemka akaanza kumtafutia Masha padi zitakazomsimamisha.

Hakuwahi kumchagulia mtu kwa makini vile. Zile za zamani hazitafaa, alijua; Caroline alisema gari limejengwa upya, na injini aliyosikia ikinguruma barabara ya Majengo haikuwa ile ya kwanza. Gari limekuwa zito, na uwanjani wameirefusha ile sehemu nyoofu. Zilizo kali kabisa nazo hazitafaa, kwani mashindano ni mafupi, zingechelewa kupata moto. Alichukua za kati na kati, zinazoamka mapema na kustahimili moto mkubwa. Akaongeza mafuta ya breki mapya, yale yasiyochemka upesi. Kisha akazigonga D zote nne, moja moja, wima, za kuonekana.

Jumamosi uani kwa Abdulbasit magari yalikuwa yamepangwa, boneti wazi. Abdulbasit alikuwa mzee wa Mji wa Kale, mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono na kikoi, na gari asilolipitisha yeye halikuingia uwanjani. Masha alikuwa akicheka na watu karibu na Starlet yake. Alipomwona Dama anaingia na kifurushi, kicheko kilimkatikia katikati.

"Salaam aleikum, mzee," Dama alimsalimu Abdulbasit.

"Wa aleikum salaam, mwanangu. Siku nyingi! Umekuja na nini?"

"Nimeleta padi za Masha. Alizitafuta mji mzima."

Uani pakaingia minong'ono. Masha alimtazama mkewe. Caroline akatazama chini.

"Dama," Masha alisema kwa sauti laini, "yaliyopita si ndwele. Mimi sina kinyongo nawe."

"Huna kinyongo *nami*?" Dama aliuliza. Akaifungua ile padi iliyolika, akamkabidhi Abdulbasit. "Mzee, hebu wasomee watu herufi iliyogongwa mgongoni."

Abdulbasit alivaa miwani. "D. Yako hii."

"Mkewe ndiye aliyeniletea. Alisema mumewe amezitumia mpaka zikaisha. Ni zile zilizosagika unga, siku ile."

Hapo ndipo Kahindi alipoingia langoni kwa magongo yake. Watu walimpisha. Alikwenda akasimama mbele ya Masha, karibu kabisa, akamuuliza bila kupaza sauti:

"Padi hizi zilikuwa wapi mimi nikikatika mguu?"

Masha akamtazama Abdulbasit, akawatazama mafundi, hakuona pa kushika.

"Zilikuwa nyumbani," alisema.

"Sema wasikie."

"Zilikuwa nyumbani! Ijumaa ile nilikodiwa kuongoza msafara wa harusi Mji wa Kale. Vichochoro vile, kila nikigusa breki zapiga yowe baina ya kuta, mama wa bibi harusi akawa mkali, asema namtia nuksi mwanawe. Nikazitoa, nikatia za kawaida. Nikasema Jumamosi nitazirudisha. Nikalala." Alijipangusa uso. "Kahindi, ndugu yangu, naapa nilisahau. Na ilipotokea, niliogopa."

"Hukusahau. Nilikuuliza asubuhi ile, ukanitajia grisi. Wala hukuogopa kumtaja dada yangu," Kahindi alisema.

Abdulbasit alivua miwani, akaikunja. "Masha, kwangu mimi huingii tena. Hata mkokoteni sikuamini nawo. Toa gari lako."

"Hapana, mzee," Dama alisema.

Wote wakamgeukia.

"Mwache aingie. Atavaa padi zangu, hizi hapa, nimemchagulia mwenyewe. Na milango yote miwili iandikwe kwa herufi kubwa: BREKI ZA DAMA, MAKADARA. Kesho akimbie mbele ya watu wote, na kila kona asimame, wamwone anavyosimama. Hiyo ndiyo haki yangu. Asipotaka, basi mtoe."

Masha alisema afadhali asishindane. Lakini alitazama lile gari alilolijenga kwa miaka, akatazama nyuso zilizomzunguka, akajua kwamba akilitoa sasa hatalirudisha kamwe. Mchora vibao aliitwa kutoka ng'ambo ya barabara. Masha alisimama pembeni akitazama jina la Dama likipakwa rangi nyekundu juu ya nyeupe yake, na Dama alimtazama anavyotazama. Utamu wake aliuhisi mpaka kwenye meno.

Kabla ya kuondoka alimwelekeza, kwa sauti ya duka, kama mteja yeyote: azipashe moto kidogo kidogo kwanza, akanyage kwa nguvu, aachie, azipoze bila kushikilia pedali. Masha aliitikia kwa kichwa.

Jumapili Dama alisimama mwisho wa ile sehemu nyoofu, Kahindi kando yake kwenye kiti. Starlet ilikuja na mngurumo, jina la Dama likikua machoni, na penye kona breki zikapiga yowe, pua ya gari ikainama, likasimama kama limeshikwa mkia, likakata kona. Watu walishangilia. Duru ya pili vivyo hivyo. Duru ya tatu, ya nne, diski zimekuwa nyekundu kwa moto, na bado lilisimama pale pale. Kijiwe cha mafundi wa Majengo kilianza kuita, "Dama! Dama!" kila Masha alipokanyaga breki. Masha hakushinda, alikuwa wa pili, lakini siku ile hakuna aliyezungumza habari ya nani wa kwanza.

"Umefurahi?" Kahindi alimuuliza.

Dama alikuwa amefurahi. Lakini duru ya mwisho, gari lilipokuwa likija, aligundua kwamba kuna sehemu yake iliyokuwa ikingoja lisisimame. Sehemu hiyo haikushiba.

"Kidogo," akasema.

Wateja wa mashindano walirudi mmoja mmoja, wengine kwa aibu. Kahindi alianza kupita dukani akitoka kazini. Siku nyingine walizungumza, siku nyingine alikaa tu akala viazi karai akaenda zake. Hawakuwa kama zamani, na hakuna kati yao aliyejifanya kwamba wako.

Msimu ulipokaribia kwisha Masha alikuja Makadara mwenyewe, kwa miguu. Alisimama nje, hakuvuka kizingiti. Alikuwa amekonda.

"Dama, nimekuja kwa adabu. Kila nipitapo watoto wanipigia kelele. Hata kanisani waniita kwa jina lako. Nimekiri, nimeomba radhi, nimekimbia na jina hilo msimu mzima. Niruhusu nilifute."

Dama alikuwa akimpimia padi dereva wa tuktuk. Alimaliza kwanza, akamfungia vizuri, akamtakia safari njema. Ndipo alipomgeukia.

"Mguu wa Kahindi ukiota," alisema, "njoo ulifute siku hiyo hiyo. Rangi nitakununulia mimi."

Masha alingoja kidogo, kama mtu anayedhani kuna maneno mengine yanakuja. Hayakuja. Akashika njia ya kurudi Majengo, na Dama akamwita mteja aliyefuata.